Meza ya Ukingoni

Jumamosi ile bustani ya ufukweni ilikuwa imefurika. Kwenye magari ya kugongana watoto walikuwa wanapiga mayowe, kipaza sauti kilikuwa kinamtafuta mwenye kiatu kimoja cha njano, na foleni ya mgahawa ilikuwa imejikunja mpaka kwenye kibanda cha aiskrimu. Mbele kabisa ya foleni, mwanamke na mwanaume wasiojuana walikuwa wameinamia daftari moja la mhudumu.

"Meza ya ukingoni, watu wawili, saa saba," mwanamke alisoma, kidole juu ya mstari. "Ndiyo mimi huyo. Nilipiga simu Jumatano."

"Na mimi nilipiga Alhamisi," mwanaume akasema. "Meza ya ukingoni, watu wawili, saa saba. Ndiyo mimi huyo."

Mhudumu, bwana mnene mwenye tai ya kipepeo, alilivuta daftari lake. "Jamani, mnisamehe. Nilidhani ni mume anakumbushia alichokwisha sema mke."

Waliosimama nyuma wakaangua kicheko. Mwanamke hakucheka. Alivaa gauni la bluu la vidoti vyeupe, viatu vyekundu vya mikanda, na miwani ya fremu ya dhahabu aliyoisukuma juu ya pua kila alipojiandaa kugombana. Alikuwa anapima macho katika duka la miwani katikati ya mji, na wateja walishamzoea kwa jina moja tu: Mpima Macho. Mwanaume alikuwa mrefu, shati la kitani rangi ya maziwa, mikono imekunjwa mpaka viwikoni, na kucha zenye alama za grisi iliyoishinda sabuni. Kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti za maghorofa. Kila jengo alilopita waliita "Fundi!" naye akageuka.

"Leo ni siku ya kuzaliwa ya baba yangu," Mpima Macho alisema.

"Na mama yangu amestaafu jana. Miaka thelathini na minane ya ualimu. Siku ya kuzaliwa huja kila mwaka, dada yangu. Kustaafu ni mara moja."

"Kwa hiyo baba yangu azaliwe tena mwakani?"

"Samahani," mhudumu akaingilia kwa sauti ndogo, "ila ile meza imeshakaliwa."

Wakageuka wote wawili. Ukingoni, pale ambapo mawimbi yanapiga ukuta na kurusha matone mpaka kwenye vitambaa vya meza, mzee mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi ikasimama alikuwa amekwisha keti na mama mmoja mwenye kilemba cha zambarau. Walikuwa wanakunywa sharubati ya nanasi na kucheka.

"Njooni mkae!" mama aliita kwa sauti ya kunyamazisha shule nzima. "Mnagombana kama darasa la tatu."

Wakaenda, kila mmoja amenuna kwa upande wake.

"Shikamoo, mama," Mpima Macho alisema.

"Marahaba, mwanangu. Keti. Una mume?"

"Mama!" Fundi alikaribia kupaliwa na maji.

"Nimeuliza tu. Kuuliza si kosa hata kwenye mtihani."

Mama huyo alikuwa Mwalimu Mkuu, na hata baada ya kustaafu hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo. Mzee, baba yake Mpima Macho, alikuwa refa wa mpira enzi zake, na mpaka leo mtaa mzima ulimwita Refa. Waliletewa samaki mzima wa kuchoma mwenye ngozi iliyokauka na kupasuka, viazi vya kukaanga na saladi ya parachichi. Refa alimgawa yule samaki sawa kwa sawa kwa makini ya mtu anayepima umbali wa ukuta wa mpira wa adhabu. Mwalimu Mkuu akadai kipande chake kina miiba mingi. Wakabishana kuhusu miiba kwa robo saa, wanafurahi kama watoto.

Baada ya chakula Mwalimu Mkuu alitaka magari ya kugongana. Hakuna aliyeweza kumzuia. Refa aliendesha kwa adabu, anapisha kila mtu, mpaka kilemba cha zambarau kilipomjia kwa kasi na kumgonga nyuma.

"Faulo!" Refa alipiga kelele. "Umenigonga kwa nyuma!"

"Cheza, mzee! Hapa hakuna filimbi!"

Refa akacheka mpaka usukani ukamponyoka. Mpima Macho, aliyesimama nje ya uzio na aiskrimu inayomtiririkia vidoleni, aliacha kuilamba.

"Vipi?" Fundi aliuliza.

"Mama yangu amefariki huu ni mwaka wa sita. Tangu siku ile sijamsikia baba akicheka hivyo."

Fundi alimpa leso. Kisha, aiskrimu ilipokwisha, akakohoa kidogo. "Nipe namba yako. Ili siku nyingine tukitaka meza tusigongane."

"Na ukitaka kitu kingine?"

"Basi tutagongana."

Akampa namba.

Jumatatu mchana simu ililia dukani.

"Daktari, nina tatizo la macho."

"Mimi si daktari. Tatizo gani?"

"Naangalia waya za lifti, naona gauni la vidoti."

"Hilo halipimwi kwa simu. Njoo dukani."

"Na nikikutwa mzima?"

"Utakuwa umenipotezea muda wangu, na utanilipa kwa chakula cha mchana."

Alikutwa mzima. Wakala chakula cha mchana siku ile, na ya pili yake, na ya tatu. Jumamosi zikawa za bustani, watu wanne. Wazee walicheza gofu ndogo, ile ya kupitisha mpira kwenye midomo ya mamba wa saruji, wakishtakiana udanganyifu kila shimo. Vijana wao walijificha nyuma ya kibanda cha aiskrimu na kushikana mikono kama wanafunzi waliotoroka kipindi.

"Tuwaambie lini?" Fundi aliuliza siku moja.

"Bado, mpenzi. Baba ndiyo kwanza ameanza kuchangamka. Nisije nikamshtua."

"Mimi sijui kuficha. Mama akiniangalia tu najisikia nimekosea kuandika tarehe."

Siku hiyo hiyo alimwambia kwamba kampuni inataka kumpeleka mji mwingine kwa miezi sita, kufunga lifti za hospitali mpya. "Nimewaambia nafikiria. Ukweli sifikirii, nakaa tu. Niende wapi na wewe uko hapa?" Mpima Macho alimpiga begani kwa furaha, miwani ikamteleza mpaka nchani mwa pua.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Nyumbani, Refa alibadilika. Alianza kupaka masharubu rangi. Alinunua viatu vipya na kuvitembeza sebuleni ili vilegee. Alikuwa anaimba bafuni. Halafu Jumanne moja jioni Mpima Macho alirudi kazini akamkuta baba yake kwenye roshani, mgongo ameupa mlango, simu sikioni.

"Ndiyo, Mwalimu... Nimeshaamua. Pete iwe kwako mpaka siku yenyewe... Jumamosi, pale pale mezani. Watoto wasijue lolote kwanza." Akacheka kwa aibu. "Nakwambia kweli, tangu ile fainali niliyochezesha sijawahi kuogopa hivi."

Mpima Macho alirudi nyuma polepole, mkoba kifuani. Moyo wake ulifurahi na kuvunjika kwa wakati mmoja. Baba anaoa. Anamwoa mama wa Fundi. Basi Fundi atakuwa kaka yake wa nyumba moja, na watu watasema, na wazee wakijua kilichokuwa kinaendelea nyuma ya kibanda cha aiskrimu wataona haya na kuacha. Refa atarudi kwenye kiti chake, redio yake, na kimya chake cha miaka sita. Hakulala vizuri. Asubuhi alikuwa ameshakata shauri.

Alipiga simu saa sita mchana, amejifungia stoo katikati ya maboksi ya fremu.

"Kipenzi!" Fundi aliitikia. "Niko ghorofa ya nne, nimening'inia kama popo. Nakusikia."

"Nataka tuachane."

Kwa mbali chuma kiligonga chuma.

"Unatania."

"Sitanii. Usiniulize sababu."

"Nitauliza. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea chochote."

"Basi kuna mtu."

Alifumba macho. "Yupo mtu ambaye siwezi kumuumiza," alisema, na hilo lilikuwa kweli tupu. Akakata simu, akakaa juu ya boksi na kulia mpaka miwani ikaingia ukungu. Kisha akaifuta, akatoka kumpima mteja aliyekuwa anasubiri.

Jumamosi ilifika. Refa aling'ang'ania binti yake asikose, na yeye akajivika gauni la kijani, akajipaka rangi ya midomo, akajifunza tabasamu mbele ya kioo. Alikuwa amejiandaa kupiga makofi. Mezani baba yake, amevaa viatu vipya, alikuwa anasugua mikono. Mwalimu Mkuu alifika peke yake.

"Kijana yuko wapi?" Refa aliuliza.

"Pale." Alionyesha jengo refu la vioo ng'ambo ya barabara. "Yuko juu kabisa, anakabidhi kazi. Jumatatu anasafiri. Jana ndiyo ameniambia niache kila kitu, kwamba mwenzake amepata mtu." Akavuta kiti, akaketi akimtazama Mpima Macho usoni. Akafungua mkoba, akatoa kiboksi kidogo cha mahameli, akakiweka katikati ya meza. "Mwanangu, mimi nimechoka kutunza kitu kisicho changu. Niambie mwenyewe. Huyo mtu ni nani?"

"Kisicho chako?" Mpima Macho alikitazama kiboksi, akamtazama baba yake. "Si pete yako hiyo? Baba, nilikusikia kwenye simu. Pete, Jumamosi, watoto wasijue. Si mnataka kuoana?"

Refa aliweka glasi chini.

"Nikajua mkioana sisi tutakuwa ndugu," aliendelea, na tabasamu lote la kwenye kioo likamwishia. "Nikaona nikuachie, baba. Wewe ndiye huyo mtu. Hakuna mwingine."

"Unaniachia mimi?" Refa alimshika mkono. "Mama yangu wewe, pete ni yako! Kijana alimtuma mama yake kwangu kukuomba. Mnadhani kibanda cha aiskrimu hakina upande wa pili? Tunajua tangu wiki ya pili. Nilikuwa namwambia Mwalimu kwamba nimekubali. Nilichokuwa nakiogopa ni kukutoa. Basi."

Mwalimu Mkuu aliweka leso mdomoni; mabega yalimtikisika kwa kicheko.

"Ingawa," Refa aliongeza, akishika masharubu yake mapya, "hukukosea yote. Mwezi uliopita nilimuuliza."

"Na mimi nikamjibu," Mwalimu Mkuu alisema kwa upole. "Nimeamshwa na kengele miaka thelathini na minane. Sasa nataka kuamka ninapotaka, na asiwepo wa kuniuliza soksi zake ziko wapi. Lakini Jumamosi nitakula naye samaki mpaka meno yaishe."

"Sare ya ugenini," Refa alisema. "Nimeipokea kwa mikono miwili."

Mpima Macho alikuwa ameshachukua simu. Akapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Haikupokelewa. Mwalimu Mkuu alimsukumia kiboksi mkononi. "Mpelekee mali yake. Na usikimbie barabarani bila kuangalia pande zote."

Alikimbia. Katika ukumbi wa lile jengo la vioo mlinzi alimwambia lifti zimezimwa kwa ajili ya ukaguzi. Ghorofa ya tatu alivua viatu. Ya saba alikaa chini na kujiuliza kama mapenzi yana ulazima. Ya kumi na moja alisukuma mlango wa chuma, akamkuta Fundi amepiga magoti mbele ya mota, ovaroli la kijivu, uso haujanyolewa siku nne.

"Umefikaje huku?" Fundi alisimama. "Nimezima lifti."

"Nimeona." Alishika ukuta, anahema. "Yule mtu... ni baba. Nilidhani... anamwoa mama yako. Nikadhani sisi... tutakuwa ndugu."

"Baba yako anamwoa mama yangu?"

"Hapana! Amekataliwa. Wana furaha tu. Usinichanganye, sina pumzi." Akamnyooshea kiboksi. "Hii ni yako. Ukitaka uiweke mfukoni uende nayo, sawa. Nilikuumiza bila kukuuliza. Nilikuamulia peke yangu, nisamehe."

Fundi alimtazama. Jasho lilikuwa limemwosha rangi ya midomo, nywele zimefumuka, viatu vimemning'inia kidoleni.

"Siku nne," alisema. "Siku nne nilikuwa namtafuta huyo mwanaume kichwani, nimpige. Kumbe ningempiga Refa."

"Angekupa kadi nyekundu."

Hapo alicheka. Akafuta mikono kwenye kitambaa, akakitazama, akaifuta tena kwenye ovaroli. "Nilikuwa nimepanga kusema haya nikiwa na shati safi."

"Sema hivyo hivyo."

"Utakubali nikuoe?"

"Nitakubali. Sasa washa lifti, mimi kwa miguu sishuki."

Pete ilimpwaya, ikabidi aivae kwenye kidole gumba. Mezani Refa aliiona kabla hajaambiwa kitu, akajifunika uso kwa kitambaa cha mkono. Mwalimu Mkuu akamwagizia aiskrimu ya vanila na kumwamuru aimalize.

Lakini karatasi za safari zilikuwa zimeshasainiwa. Hilo walilizungumza jioni ile wenyewe wawili, kwenye boti ndogo ya kukanyaga waliyoikodi kwa saa nzima, katika bwawa la maji ya bahari lililozungushiwa mawe. Fundi alikuwa anakanyaga mbele, Mpima Macho anakanyaga nyuma, boti inazunguka pale pale.

"Miezi sita," Fundi alisema. "Nikimpigia bosi kesho nikamlilia, labda ataniachia."

"Usimlilie. Wagonjwa wapandishwe na nani, kwa ngazi kama nilivyopanda mimi? Nenda. Mimi nitapunguza pete hii iwe saizi yangu, nitashona gauni, nitawazuia wazee wasigombane mbele ya watu."

"Na kila siku utanipigia."

"Asubuhi, mchana na jioni. Mpaka wenzako waombe wahamishwe."

Fundi aliacha kukanyaga, akamvuta karibu, boti ikainama upande mmoja. Kwenye ukingo wa bwawa mwenye boti alionyesha saa yake na kuwapungia mkono.

"Turudi?" Fundi aliuliza.

Mpima Macho aliisukuma miwani juu ya pua, akaangalia saa ya mwenye boti kwa jicho lake la kazi, mita arobaini, bila kukosea.

"Bado," alisema. "Tuna dakika ishirini nzima."