Chumba Kimoja Kwenye Meli ya Harusi

"Samahani, hiki chumba ni changu."

"Na mimi nimepewa ufunguo wa hiki hiki."

Walitazamana mlangoni, kila mmoja na begi lake mkononi. Mwanamume alikuwa fundi wa lifti, amevaa shati jipya ambalo bado lina mikunjo ya dukani. Mwanamke alikuwa mkunga. Waliwahi kuwa mume na mke, wakaachana, na kwa miaka sita walikuwa hawajasimama karibu namna hii. Meli ndogo ya kitalii ilikuwa imeshaacha gati, inaelekea kwenye ghuba yenye visiwa, ambako binti yao wa pekee, Kipusa, angefunga ndoa kesho yake asubuhi.

Mkunga alimpigia binti simu palepale.

"Kipusa, kuna makosa huku. Nimewekwa chumba kimoja na baba yako."

"Hakuna makosa, mama."

"Unasemaje?"

"Vyumba vimejaa. Nyie ni watu wazima, zungumzeni." Simu ikakatwa.

Fundi alishindwa kujizuia, akacheka.

"Huyu mtoto kakufuata wewe."

"Ujanja huo ni wa ukoo wenu," Mkunga alijibu, naye akacheka bila kupenda. "Lala humu. Mimi nitabanana na dada yangu chumba cha pili."

Kicheko kile ndicho kilichomponza Fundi. Kilimpa matumaini.

Jioni alimkuta juu kwenye sitaha, amekaa peke yake. Meli ilikuwa inapita taratibu katikati ya visiwa, vingine vidogo kiasi kwamba vilitosha kichaka kimoja tu na ndege weupe. Fundi aliweka vikombe viwili mezani.

"Chai yako. Haina sukari."

"Siku hizi naweka sukari."

"Aa. Sikujua."

"Ungejulia wapi?"

Fundi akakaa. Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu nyumbani yalimpotea yote, likabaki moja.

"Mama Kipusa, nataka kurudi."

Mkunga hakushtuka. "Na yule mwenzako wa duka la dawa?"

"Tuliachana zamani. Sikupata nilichokwenda kutafuta."

"Ulikwenda kutafuta nini?"

"Mtu wa kunitazama. Wewe ulikuwa na mama yako kutwa kucha. Unamgeuza, unamlisha, unamfulia. Nikirudi kazini hata salamu yako ilikuwa ya mbiombio."

"Alikuwa amepooza, Baba Kipusa."

"Najua. Sasa najua."

"Hujui." Mkunga alisukuma kikombe pembeni. "Unajua aliniuliza nini kila jioni baada ya wewe kuondoka? 'Mwanangu hajarudi kazini?' Huyo mwanangu ndiye wewe. Mimi niliyekuwa namwogesha alikuwa ananiita 'we binti'."

Fundi alitaka kutabasamu, mdomo ukakataa.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia umepata kazi ya mbali, unafunga lifti kwenye jengo refu. Ikawa kila jioni anauliza, 'Limefika ghorofa ya ngapi?' Na mimi kila jioni naongeza ghorofa. Mpaka anakata roho, alikuwa anaamini mkwewe yuko juu mawinguni anafanya kazi ya maana."

Fundi aliinama, akayaangalia mapaja yake. Mama yule ndiye aliyekuwa akimfichia kipande cha nyama kwenye bakuli lililofunikwa, hata siku alizogombana na mke wake.

"Na mazishini sikuja," alisema kwa sauti ya chini.

"Hukuja."

"Nilifika mpaka njia panda. Nikaona watu wamejaa, nikaona aibu, nikageuza."

Mkunga alimgeukia kwa mara ya kwanza. "Ulifika njia panda?"

"Ndiyo."

"Mimi nilizuia mwili usitolewe ndani. Wajomba wakanigombeza, nikawaambia kuna mtu bado yuko njiani. Kumbe kweli ulikuwa njiani."

Simu ya Mkunga ikawaka juu ya meza, na Fundi akasoma kabla hajajizuia: "Umeshindaje leo? Kesho nitakuwa gatini kukupokea."

"Nani huyo?"

"Muuza miwani. Ameomba anioe. Bado sijamjibu."

"Unampenda?"

"Ananiuliza nimeshindaje, halafu anangoja jibu."

"Ningekuja mapema, ungenipokea?"

"Ungetokea mazishini ningekupokea mbele ya watu wote. Mwaka uliofuata ningekupokea kwa matusi, lakini ningekupokea. Sasa hivi sina hasira na wewe hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua kwamba yamekwisha."

Akachukua simu, akapiga. Hakuondoka mezani wala hakupunguza sauti.

"Halo? Nimeshinda salama. Sikiliza, lile swali lako… ndiyo. Nimesema ndiyo. Jamani, usipige kelele, utavunja vioo vya watu!"

Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Fundi alinyanyuka, akakusanya vikombe vyote viwili, akashuka navyo chini.

Asubuhi meli ilitia nanga katikati ya visiwa viwili. Kipusa alitoka amevaa gauni jeupe, baba kushoto, mama kulia.

"Baba, mmezungumza?" alinong'ona.

"Tumezungumza."

"Mtarudiana?"

"Hapana, mwanangu. Nimechelewa. Usimlaumu mama yako, tembea."

Kipusa aliubana mkono wa baba yake, wakaendelea.

Baada ya viapo, watu wakiwa wanakula, Fundi alimvuta bwana harusi pembeni.

"Mkwe wangu, kuna siku mke wako atakuwa amezidiwa, na wewe umekaa mezani unajiona umesahauliwa. Siku hiyo usitoke kwenda kutafuta wa kukuonea huruma. Kunja mikono ya shati, muulize ushike wapi."

"Nimesikia, baba."

"Rudia."

"Nimuulize nishike wapi."

Mkunga alikuwa nyuma yao, ana sahani mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Hayo umejifunzia wapi, Baba Kipusa?"

"Nilipobaki peke yangu."

Mkunga alimgusa begani mara moja, polepole, kama mtu anayempa mwenzake pole ya msiba, kisha akaenda kwa binti yake. Meli iling'oa nanga. Fundi alishika ukingo, na katikati ya vigelegele vya harusi akaanza kumlilia mama mkwe ambaye hakumzika.