Dobi Aliyesikia Nusu ya Habari

Katika nyumba hii, chumba cha mbele ni kazini na chumba cha nyuma ni nyumbani. Katikati kuna pazia tu. Dobi hufua nguo za watu. Mkewe hupiga pasi, ndiyo maana mtaa mzima humwita Mama Pasi. Dada yake Dobi, mwenye goti bovu, hukaa kitini akibana vikaratasi kwa pini. Kila nguo inayoingia hupata kikaratasi chake: ni ya nani, imeingia lini, imefuliwa au bado. Bila kikaratasi, Dobi hagusi hata soksi. Kwa jambo hilo hana mchezo.

Jumatatu pasi ilikaa baridi mezani. Mama Pasi alikuwa nyuma ya pazia, homa imempanda.

"Macho yananiuma kwa ndani," alisema. "Viungo navyo, utadhani nimepigwa. Twende nikapimwe."

"Ni virusi tu, vinazunguka mtaani," alijibu Dobi. "Nguo za watu zimejaa. Tutaenda kesho."

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili alilitoa redioni. Mchana huo mtangazaji alisema kwamba baadhi ya dawa za maumivu, zile zinazotuliza uvimbe, zimeonekana kuzuia virusi fulani visizaliane. Dobi akatega sikio.

"Lakini," mtangazaji akaendelea.

Papo hapo mteja akaingia na shuka sita. Dobi akapunguza sauti ya redio, akaanza kuhesabu shuka. Hiyo lakini ikampita.

Jioni alirudi na pakiti ya diklofenaki kutoka duka la dawa. Maelezo yalisema kidonge kimoja. Yeye akatoa viwili.

"Mbona viwili?" aliuliza Mama Pasi.

"Doa sugu huongezewa dawa. Meza, mke wangu. Hivi vinaua virusi, redio imesema."

Mama Pasi akameza. Mwili ulimuuma mno hata nguvu ya kubishana hakuwa nayo.

Jumanne akapewa tena. Jumatano tena. Dobi hakujua kwamba dada yake naye alikuwa anamwonea wifi yake huruma. Kila Dobi alipotoka kuanika nguo, dada alifungua kopo la vidonge vya goti lake.

"Meza kimoja, wifi. Mimi hunisaidia sana."

Vya Dobi vilikuwa vya njano, vya dada vya waridi. Hakuna aliyeuliza. Katika nyumba hiyo soksi haikuweza kufuliwa mara mbili kwa bahati mbaya, lakini mtu alipewa dawa mara mbili na hapakuwa na kikaratasi.

Alhamisi asubuhi homa ilishuka. Dobi akafurahi. Akaichukua foronya ya mgonjwa kwenda kuifua, na hapo akasimama. Ilikuwa na madoa ya kahawia. Dobi anajua madoa. Akayamwagia maji baridi, yakageuka mekundu. Damu.

Alirudi nyuma ya pazia mbio.

"Fungua mdomo," alisema.

Fizi za Mama Pasi zilikuwa zinavuja damu.

"Tumbo linanikata," alisema kwa sauti ndogo. "Nimetapika mara mbili. Matapishi meusi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema dawa inapigana na virusi."

Dobi aliogopa kuliko siku yoyote maishani mwake. Akafunga duka, nguo za watu zikiwa bado kwenye maji.

Kwenye kituo cha afya walipokelewa na muuguzi ambaye sare zake nyeupe hufuliwa na Dobi huyohuyo. Hakupoteza muda kwa salamu ndefu.

"Amemeza dawa gani?"

Dobi akatoa pakiti yake. Dada, aliyefika akichechemea, akatoa kopo.

"Na mimi nilimpa hizi, sista. Ibuprofeni, nilizoandikiwa kwa ajili ya goti."

"Dada, wewe?" Dobi alimgeukia.

"Na wewe uliniambia unampa?"

"Mtagombana nyumbani," alisema muuguzi. "Hizi ni dawa za ukoo mmoja, rangi tu tofauti. Mama amebebeshwa mzigo wa watu watatu."

Damu ikapimwa. Ilikuwa homa ya dengi, inayoletwa na virusi vinavyoenezwa na mbu. Mama Pasi alilazwa, akawekewa dripu. Dobi alishindwa kukaa kwenye benchi. Alitembea kutoka ukutani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi ukutani, mpaka muuguzi akaja kumshika bega.

"Sista, atapona?"

"Siwezi kukuahidi leo. Homa ya dengi ikishuka ndipo hatari huweza kuanza. Dengi hupunguza chembe zinazogandisha damu. Dawa hizi nazo huzuia damu isigande vizuri, tena huchubua tumbo. Ndiyo maana anavuja."

"Lakini redio ilisema zinazuia virusi."

"Haikudanganya. Watafiti wameona hivyo maabara, kwa baadhi ya dawa na baadhi ya virusi. Nikuulize: ukipata dawa mpya ya madoa, unaimwaga kwenye gauni la mteja?"

"Hata kidogo. Naijaribu kwanza kwenye pindo, kwa ndani."

"Basi watafiti bado wako kwenye pindo. Gauni lenyewe hawajalifikia."

Dobi akainama. "Na mimi nikamwaga kwa mke wangu."

"Mwenye homa apimwe kwanza," muuguzi aliendelea taratibu. "Kabla hujajua ni homa gani, mpe parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, usizidishe, na anywe maji mengi. Mtoto mwenye homa usimpe aspirini. Ukiona damu, matapishi yasiyokoma au maumivu makali ya tumbo, usingoje kesho."

Ijumaa Mama Pasi hakula kitu. Dobi na dada walikaa kando ya kitanda, kila mmoja upande wake. Jumamosi asubuhi fizi zilikauka. Mama Pasi akafumbua macho, akamtazama mumewe.

"Shuka sita za yule mteja," alisema, "umezianika?"

Dobi alilia waziwazi, na dada akamwazima kitambaa.

Siku hizi kitandani hutundikwa kikaratasi mtu akiugua: jina la dawa, saa iliyotolewa, nani ametoa. Dada bado anameza vidonge vya goti kama alivyoandikiwa, na kopo hampi mtu mwingine. Mwezi uliopita Dobi mwenyewe alipata homa. Alikwenda kupimwa siku hiyohiyo, nguo zikamsubiri.

Doa la foronya halikutoka lote. Dobi alitaka kuitupa. Mama Pasi akakataa, akaipiga pasi, akaifunika redio nayo.

Juzi mteja aliingia wakati wa kipindi cha afya.

"Dobi, nimefuata suruali yangu."

"Kaa kidogo," alisema Dobi, akaongeza sauti. "Ndiyo kwanza wamefika kwenye lakini."