Wavu Chini ya Mabenchi ya Shapeli

"Maman Joviale, ule wavu wa marehemu mume wako umeuficha wapi?"

Ni Bibiane, jirani yangu mushonaji, aliniuliza hivyo siku ya Jumamosi.

Nikamujibu bila kuwaza: "Chini ya mabenchi ya shapeli, pale tunaposali."

Jumatatu asubuhi, askari wawili walikuwa mulangoni pa shapeli hiyo...

Ndugu zangu munaosoma, ilikuwa Kasha, kando ya Ziwa Kivu, mwaka 1999, katikati ya vita. Walioshika muji walitangaza: wavu wa matundu madogo unachomwa. Mukaguzi anapima kwa kidole. Kikipita kwenye tundu, umepona.

Kwangu kisingepita. Kitako cha wavu nilikishona mwenyewe kwa chandarua, ili sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wasiponyoke.

Wavuvi waliutumia, mimi napata fungu langu la samaki. Watoto wangu wanne walikula hapo. Wavu ukiungua, ilinibaki njia moja: kuolewa na Placide, mudogo wa marehemu, kama desturi inavyotaka. Nilishamukatalia mara mbili.

Mukaguzi aliyekuja na wale askari akaenda moja kwa moja kwenye mabenchi.

Nikamugeukia Bibiane mbele ya watu wote.

"Ni wewe umeniuza."

"Maman Joviale..."

"Usiniite. Yuda angalau alirudisha vile vipande vya feza."

Placide, aliyesimama kati ya watu, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Shemeji, nilikuambia. Mwanamuke peke yake hawezi."

Mukaguzi akavuta kitako cha wavu. Nikafumba macho, nikaanza Zaburi, maneno yakanipotea.

"Kidole kinapita," akasema.

Nikafumbua. Chandarua hakikuwepo! Mahali pake kipande cha matundu makubwa, kimeshonwa kwa uzi wa buluu. Uzi ambao Bibiane anashonea uniforme za shule.

Mukaguzi akakasirika.

"Papa Placide, si ulisema ni chandarua? Umenitembeza bure."

Placide... Ndiye alinisaidia kuubeba siku ya kuuficha.

Nikamutazama Bibiane. "Ulijua?"

"Ijumaa nilipeleka suruali za askari kwa ofisi yao. Nikamusikia Placide akikushitaki. Jumamosi usiku nikabadilisha kitako."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeamini nani, mimi ama shemeji yako?"

Ndugu zangu, mimi nafunga na kuomba kila Ijumaa, na siku ile nilihukumu mbele ya kuuliza. Anayekuuliza swali si lazima awe anakuwinda. Anayekubebea muzigo, muangalie vizuri.

"Dada, unisamehe," nikamuambia.

Bibiane akaangalia vidole vyake, vimetobolewa na sindano. Akajifunga kitenge vizuri, akapita kati ya mabenchi, akatoka.