Muhogo wa Siku Tatu

Kila asubuhi kabla ya shule, Kahaso alifagia uwanja, akawafungulia kuku, kisha akaenda kuteka maji. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na katika kazi zote za nyumbani kwao Kakuyuni, hiyo ya maji ndiyo aliyoichukia. Kisima kilikuwa mbali na foleni ilikuwa ndefu, hasa mwaka huo mvua ilipokosekana na watu wakaanza kuchimba muhogo mchungu.

Muhogo mchungu hauliwi hivi hivi, kwa sababu una sumu. Humenywa, hukatwa vipande, hulowekwa siku tatu huku maji yakibadilishwa kila asubuhi, kisha huanikwa mpaka ukauke ndipo utwangwe. Kila mtoto wa Kakuyuni anajua hayo. Kahaso pia alijua, kwa hiyo hakuwa na kisingizio.

Jumatatu, mama yake, Kabibi, alikwenda matangani Takaungu. Aliacha muhogo umekwisha kulowekwa. "Maji ubadilishe kila siku," alimwambia Kahaso. "Na usiutoe kabla haujatimiza siku tatu."

Jumanne asubuhi Kahaso aliitazama ndoo tupu, akaufikiria ule mwendo wa kisimani, akaona uvivu. Aliutoa muhogo, akauanika. Ijumaa jioni aliutwanga. Baba yake, Kambi, alikuwa akifanya kazi hotelini Watamu na kurudi usiku amechoka, hivyo hakuuliza. Jumamosi adhuhuri Kahaso akasonga sima. Yeye alimega matonge mawili, akaona ina uchungu, akaacha. Mdogo wake Kadzo, mwenye miaka mitano na mpenda kula kupita kiasi, alimaliza sahani.

Mama aliporudi saa tisa alimkuta Kadzo anatapika, amelegea, anahema mbio. Hakuuliza mengi. Alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, Kahaso akiwafuata nyuma kwa hofu.

Aliyewapokea alikuwa Daktari Nasiba, mwenyeji wa Mambrui, aliyekuwa amesomea udaktari Urusi kwa miaka saba. Alisaidiwa na nesi mmoja mzee aitwaye Kenga. Walimpima Kadzo malaria, hawakuiona.

"Amekula nini leo?" daktari aliuliza.

"Sima ya muhogo," Kahaso alijibu kwa sauti ndogo.

Mama aligeuka ghafla. "Ule muhogo ulikaa majini siku tatu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi si muhogo, daktari. Sisi tumeula miaka yote."

Daktari Nasiba alimsikiliza Kadzo kifua, akamtazama macho. "Kwa kweli, bado sijui ana nini," alisema.

Mama alipandwa na hasira. "Hujui? Miaka saba Uzunguni, na hujui?"

"Sijui, dada yangu. Afadhali nikwambie hivyo kuliko nimpe mtoto dawa ya kubahatisha." Alimgeukia Kahaso. "Mwanangu, nitakuuliza tena. Muhogo ulikaa siku ngapi?"

"Tatu."

Daktari alivuta kiti, akakaa karibu naye. Mikono yake iliendelea kumtundikia Kadzo dripu. "Mwaka wangu wa kwanza Urusi, lugha yao ilinishinda. Mwalimu akiniuliza kama nimeelewa, nilijibu ndiyo, maana niliona haya. Siku moja bibi mmoja mgonjwa aliniambia dawa inayomdhuru. Sikumwelewa, nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Walimchoma sindano ya dawa hiyohiyo. Alipona, lakini kwa shida. Tangu siku hiyo siwezi kuuliza jambo mara moja tu. Huuliza mara tatu. Wenzangu hapa hunicheka, eti daktari wa maswali. Na nilipomaliza masomo na kurudi Kenya, nilifanya mtihani wa leseni na kufunzwa upya mwaka mzima, kwa kuwa maradhi ya huku kwetu mengi sikuyaona kule. Sioni haya tena kusema sijui. Haya, hili ni swali la tatu. Siku ngapi?"

Kahaso alimtazama Kadzo. Midomo yake ilikuwa imepauka. Kahaso aliogopa adhabu, lakini sasa aliogopa zaidi kumpoteza mdogo wake.

"Moja," alisema, akaangua kilio. "Sikutaka kwenda kisimani."

Mama alishika kichwa. Daktari hakumgombeza mtu. "Mzee Kenga, mimi sumu hii sijawahi kuitibu," alisema. "Wewe umewahi kuiona?"

"Mwaka wa ukame mkubwa, watoto watatu," Kenga alijibu. "Oksijeni kwanza, daktari. Na tupige simu hospitali ya Malindi, wana dawa yake."

Wakafanya hivyo. Ambulensi ikafika, Kadzo akapelekwa Malindi, na daktari akaenda naye.

Jumatatu iliyofuata Kadzo aliketi kitandani hospitalini akiulizia chakula. Mama alicheka na kulia pamoja. Daktari Nasiba alipokuja kumtazama, Kahaso alimwamkia shikamoo bila kuinua macho.

"Marahaba. Nitazame, mwanangu," daktari alisema. "Sumu ya muhogo sikufundishwa na profesa yeyote. Umenifundisha wewe, pamoja na Mzee Kenga. Nitakapomwona mtoto mwingine kama huyu, nitajua pa kuanzia."

Kahaso alianza kutabasamu.

"Lakini ulichelewa robo saa," daktari aliendelea. "Robo saa nzima mdogo wako alihangaika kitandani, na jibu ulikuwa nalo mdomoni. Uvivu ulimtia sumu, na uongo ukataka kummaliza. Kukosea, hata mimi hukosea. Ukikosea, sema papo hapo, kabla mtu hajauliza mara ya pili."

Kahaso alipanda kitandani, akamkumbatia Kadzo. Kisha akamgeukia mama yake. "Mama," alisema, "unga uliobaki uko jikoni, kwenye sufuria ya juu. Baba hajui."

Mama tayari alikuwa ameshika simu, akimpigia Baba.