Ubao Uliokataa Kukauka

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya magorofa ya Ruiru, Awiti alipotoka duka la hadwea na kopo la thina ya kuyeyushia rangi mkononi, akitembea kama mtu anayekwenda kugombana. Na kugombana alikuwa anakwenda kweli. Na ubao.

Miaka kumi na minane ameandika mabango ya vinyozi, bucha, makanisa na nasari, na hakuna vanishi iliyowahi kumchezea. Hii ya leo aliipaka saa tatu asubuhi, juu ya herufi nyeupe alizoziacha zikauke siku mbili nzima, maana ukiharakisha, vanishi huzilamba herufi na jina likavurugika. Alimwaga maji sakafuni vumbi lisipae. Alipaka kwa mkono mwepesi, upande mmoja hadi mwingine, bila kurudia. Kwa jua kama la leo, ilipaswa kukauka kabla ya saa kumi.

Sasa ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili. Ukiigusa, kidole kilitoka na uzi.

"Bado tu?" aliuliza Njambi, mama wa chai wa kibanda cha pili. "Ngai! Na hiyo harufu je, Mama Auma? Kwani unapika omena huko ndani?"

"Sipiki kitu."

Harufu ilitoka kwenye ubao. Samaki wa omena, matope, maji yaliyolala. Kutoka Ruiru hadi ziwani ni safari ya basi ya usiku mzima, lakini kibanda cha Awiti kilinuka ufuo mtupu.

Ubao ulikuwa wa boti ya Obiero, binamu ya mumewe. Obiero aliuza samaki hapo Ruiru, na boti yake ilikuwa kule ziwani. Alimletea ubao wa zamani, jina la kwanza limekwanguliwa kwa hasira. "Andika NEEMA, shemeji. Pasta anaiombea Jumamosi." Awiti aliupiga msasa. Kwenye ukingo wa juu alikuta vishimo vinne upande wa kushoto na vinne mwisho wa kulia, kila kimoja ukubwa wa ncha ya kidole. Aliviziba kwa puti wala hakuuliza. Boti hugongwa na mengi.

Obiero huyo huyo ndiye aliyeleta habari miaka saba iliyopita. Absalom, mume wa Awiti, alikuwa akivua naye katika boti hiyo. "Ameshukia upande wa Uganda," Obiero alisema. "Amepata mwanamke huko. Msahau."

Hakumsahau. Alimchukia. Wanawake wa ploti aliyopanga walimcheka, na mtoto wake Auma alipouliza baba yuko wapi, alijibiwa "Uganda" kwa sauti iliyokomesha maswali. Kila jioni Awiti aliosha vyombo akimlaani mtu yule, sahani baada ya sahani. Miaka saba. Hasira ndiyo iliyomwamsha na ndiyo iliyomlaza.

Tone...

Aliinama chini ya meza. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka ubaoni.

Tone...

Nywele zilimsimama. Akakumbuka Auma alipozaliwa. Mtoto alilia siku mbili bila kunyamaza, hadi mama mkwe alipokuja kutoka nyumbani, akaketi na kuanza kuita majina ya marehemu wa ukoo, moja moja. Alipofikia jina la dada yake mwenyewe, mtoto akanyamaza papo hapo. "Aliyekufa anataka kuitwa," mama mkwe alisema. "Hatulii mpaka umtaje." Na waliitwa wafu tu. Kumwita aliye hai ni kumtakia kaburi.

Awiti alikuwa mtu wa kanisa. Alijiona mjinga. Lakini aliurudisha mlango, akainamia ubao na kunong'ona. Akamtaja baba mkwe. Akamtaja shangazi aliyefia Kisumu. Akamtaja shemeji mdogo wa ajali ya barabarani.

Vanishi ilitetemeka kidogo... ikatulia. Bado mbichi.

Mlango ukasukumwa. Obiero aliingia na shati la pasi na haraka zake.

"Shemeji, leta mzigo. Basi linatoka saa moja."

"Haijakauka."

"Haijakauka aje? Si ni tangu asubuhi?" Akaweka kiganja chake chote upande wa kushoto wa ubao, kwa nguvu. "Hata hii kazi yenyewe hujui!"

"Toa mkono, Obiero. Unaniharibia kazi."

"Kazi gani? Mtu alikuacha, na sasa naona kwa nini."

Damu ilimpanda Awiti kichwani. "Usiniletee mambo ya Absalom hapa! Unasikia? Absalom akae huko huko!"

Tak.

Kama barafu inayopasuka kwenye glasi. Vanishi chini ya mkono wa Obiero iliganda, ngumu, inang'aa.

Obiero akavuta. Mkono haukutoka.

Awiti aliutazama ubao. Alikuwa ameita majina ya wafu watatu, ubao ukakataa. Hilo moja la Absalom ukalikubali.

Puti ikadondoka kutoka kishimo cha kwanza cha kushoto. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Ndani ya mbao kulikuwa na maji.

"Thina, shemeji," Obiero alinong'ona. Jasho lilimtiririka. "Nimiminie. Tafadhali."

"Alikufa lini?"

"Shemeji..."

"Nimekuuliza, alikufa lini?"

"Usiku ule ule. Boti ilijaa maji. Alikuwa ameanguka nje, akashika hapa... hapa kwenye ubao. Tungezama sote. Nilimpiga vidole kwa kasia. Hakuachilia. Alikuwa anaita jina lako."

Miaka saba. Matusi yote yale alikuwa amemtupia mtu aliyelala chini ya maji akimwita. Juu ya uchungu ilimjia Awiti hasira mpya, safi, iliyomjua mwenye kuistahili. Alifungua kopo la thina. Akalimwaga sakafuni lote, polepole, Obiero akitazama.

"Jitoe," alisema. "Kama ulivyomtoa."

Yowe la Obiero lilimfanya Njambi aangushe birika. Obiero alipita mlangoni akikumbatia mkono uliokuwa ukivuja damu, akapotelea kwenye umati uliokuwa ukishuka treni. Ngozi ya kiganja chake ilibaki ubaoni, juu ya herufi N.

Awiti alitia vidole vyake kwenye vile vishimo vinne. Vilikuwa na joto. "Nisamehe," alisema. "Absalom, nisamehe." Akalia hadi akachoka, na kibanda kikawa kimya.

Tone...

Aliinua kichwa. Upande wa kushoto ulikuwa mkavu. Akautazama mwisho wa kulia, mbali kuliko mikono ya mtu mmoja inavyoweza kufika. Puti ya vile vishimo vinne vya huko ilikuwa bado imeshikilia. Akagusa vanishi kwa ncha ya kidole.

Kidole kikatoka na uzi.

Alikimbia hadi mlangoni. "Obiero! Mwingine alikuwa nani?" Hakuna aliyegeuka.

Alirudi, akavuta stuli, akaketi mbele ya ubao. Akaanza kuita jina lolote alilolijua la mwanamume yeyote wa ziwani. Mahali fulani, jioni hiyo hiyo, kulikuwa na mwanamke akiosha vyombo na kumlaani mume aliyekimbilia Uganda.

Tone...