Nyuma ya Jiko la Maabara

Huku kwetu Marghilan, Kijerumani kilifundishwa maabarani wakati wa baridi, maana ndicho chumba pekee chenye jiko la makaa. Mwalimu Oydin alikuwa akitamka sentensi, darasa zima likaitikia, kisha likanyamaza. Siku moja sauti moja nyembamba haikunyamaza. Iliimalizia sentensi peke yake, kutoka nyuma ya jiko.

"Nani huyo mwenye masihara?" Mwalimu aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Chumba kilinuka majivu mabichi.

Zulhumor, msichana wa darasa hilo, alijua chanzo chake. Asubuhi, baada ya jaribio la kemia, alimwaga maji yanayochemka kwenye jaa la majivu bila kupiga bismillahi. Hata kitoto cha Marghilan kinajua kwamba jaani pana wenyewe, majini, na hupigiwa hodi wapishe kwanza. Yeye alikuwa anawahi kengele.

Kuanzia hapo kukawa na kikohozi, halafu kilio cha mtoto, na siku moja msichana wa karibu na jiko akainama kuokota kalamu, akaona chini ya dawati tupu vijiguu viwili vimebabuka, vinaning'inia na kubembea taratibu kama vya mtoto aliyechoka kusubiri somo liishe, akapiga yowe lililofika barabarani.

Wazazi wakaanza kuwatoa mabinti zao. Mkuu wa shule akamleta Bibi Hosiyat, mganga, akafukiza isiriq, majani ya kufukuzia mabaya, kila pembe mpaka macho yakawawasha wote.

"Fungeni chumba," bibi alinong'ona. "Wamekasirika."

Baba yake Zulhumor alikwishatoa kauli: maabara ikifungwa, masomo yamekwisha; binti ataenda kwa shangazi kushona kofia mpaka apatikane mchumba.

"Mimi sitoki, bibi," Zulhumor alisema.

"We mtoto! Unashindana na majini?"

"Nimemuunguza mimi. Nitaongea naye mimi."

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa."

Wenzake walipotoka jioni hiyo, Zulhumor alibaki na mkate wa moto na kibakuli cha mafuta ya mkia wa kondoo, yale tunayopaka vidonda vya moto. Alikuwa anaogopa, tena sana, na alipopiga magoti mlango wa jiko ukajifungua wenyewe, makaa yakafifia, na pumzi ndogo yenye joto ikampita shavuni, ikazunguka kisogo, ikatua kwenye sikio lake na kukaa hapo, ikisikiliza.

"Nimekukosea, nisamehe," alisema. "Mafuta ni ya vidonda vyako, mkate ni wa kumtuliza mama yako. Ila chumba hiki sikiachi. Ukitaka kusoma, soma. Ukitaka kututisha, utachoka wewe."

Nyuma ya jiko kitu kikaanza kutafuna.

Kesho yake Zulhumor aliingia wa kwanza, akakaa karibu na jiko. Wachache wakamfuata, roho mkononi. Mkuu wa shule alisimama mlangoni, kufuli mkononi. Mwalimu Oydin akauliza swali kwa Kijerumani.

Sauti nyembamba ikajibu. Tena ilipatia.

Wasichana wakashikana. Mwalimu chaki ikamponyoka. Zulhumor hakugeuka.

"Hapa hatujibu ovyo," alisema. "Nyoosha mkono kwanza."

Kisha nyuma ya jiko ukapanda, polepole, mkono mdogo uliobabuka, unang'aa mafuta.

Mwalimu Oydin akaokota chaki yake.

"Ndiyo," alisema. "Wewe wa nyuma."