Wavu Uliopanda Mzima

Wavu ulitakiwa kupanda kipande kwa kipande. Ukapanda mzima, madumu yakichomoka majini kwa kishindo chini ya boti, na kabla nahodha hajakata usukani, propela ilikwishauviringa. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Aliyekuwa chini ya maji alijua palepale kosa ni la nani. Walimwita Mkizi, na kazi yake ilikuwa kuzamia nyavu zilizotelekezwa, zile zinazoendelea kuua samaki wakati mwenyewe alishazisahau. Hufunga madumu matupu kwenye wavu, akayajaza hewa kidogokidogo, upande mmoja kwanza. Leo, kabla ya kuzamia, aliona wingu jeusi, akaingiwa na pupa, akayajaza yote kwa mkupuo.

"Wifi, umefanya nini?" nahodha aliuliza akimvuta ndani. Nahodha huyo alikuwa mke wa kaka yake Mkizi, mwanamke wa maneno makali na mikono migumu.

"Nimeharakisha."

"Nimeona. Hata samaki wameona."

Upepo wa kutoka nchi kavu uliwakuta wakibishana, ukaanza kuwasukuma bahari kuu. Redio ililowa, haikutoa hata mkoromo. Boti iligeuka ubavu, na wimbi likambwaga nahodha ukingoni, kiganja kikapasuka. Mkizi alipokuwa akimfunga kwa kitambaa, aliona fulana ya nahodha imeloa kifuani, tena si kwa maji ya chumvi. Yalikuwa maziwa. Mtoto alibaki nyumbani, na alikuwa bado ananyonya.

Roho ilimuuma Mkizi. Yeye, shangazi mtu, ndiye aliyemtia mama wa mtoto katika balaa hili.

"Lete kisu," nahodha alisema. "Tuukate huu uchafu wote."

"Tukiuachia uende tutapinduka. Tuufunge mbele, wifi. Uzito wake utaishika boti itazame mawimbi."

"Huu huu uliotunasa?"

"Huu huu."

Nahodha alimkodolea macho, kisha akamtupia kamba.

Mkizi akajitosa. Boti ilikuwa ikipanda na kushuka juu ya kichwa chake, ikamgonga bega mpaka akaona nyota. Alipapasa hadi akaipata kamba nene ya wavu, akafunga, akavuta kuhakikisha, kisha akarudi nyuma kukata pale uliponasa kwenye propela. Boti ikajigeuza taratibu. Wimbi lililofuata likapasukia mbele, wao wakabaki juu.

"Haya, umeniweza," nahodha alisema, akaendelea kukomba maji yaliyoingia botini kwa mkono mmoja.

Walikomba hadi viuno vikagoma. Mvua ilipokuja waliikinga kwa koti la plastiki, wakanywa kwa zamu. Nahodha alilia mara moja tu, akimtaja mwanawe, na Mkizi akamkumbatia.

Kulipopambazuka bahari ilikuwa imechoka. Mkizi alizamia tena na kisu, akafyeka nyuzi zilizobaki kwenye propela, na injini ikawaka baada ya matusi kadhaa ya nahodha. Walikuwa wakikaribia ukanda wa pwani, wavu, ambao sasa waliufunga nyuma, ukiburutika, boti ya uokoaji ilipowafikia.

"Ukateni huo, tuwavute!" mtu akapiga kelele.

"Tumelala nao usiku kucha, sasa ni wa nyumbani!" nahodha akajibu. "Sogeeni, tupite!"

Gatini kaka mtu alisimama na mtoto aliyekwishakauka sauti kwa kulia. Nahodha aliruka kabla boti haijafungwa, akaketi chini kwenye saruji, akampa ziwa. Kwa mkono wenye kitambaa cha damu akawa anamwamrisha mwendesha kreni.

"Polepole! Usiuchane!"

Wavu ukapanda, maji yakimwagika, mkubwa kuliko lori. Watu walishangilia mpaka mtoto akaachia ziwa kutazama. Mkizi aliketi ubavuni mwa wifi yake, akalia kwa furaha mbele za watu, wala hakuona haya.

"Lia, wifi, lia uyamalize," nahodha alisema. "Ule wavu mwingine wa kule kwenye miamba tunauopoa keshokutwa, mimi na wewe."